Njiti Kwenye Ufa

Kule Nyamwaga mtandao ulikuwa unakaa juu ya jiwe. Sitanii. Ukitoka duarani kwetu, ukapita kwenye migomba ya mama mwenye shamba, ukapanda mpaka lile jiwe kubwa ambalo mbuzi wanapenda kulala, hapo simu inashika vizuri kabisa. Ukishuka kidogo tu, imekata. Kwa hiyo Injinia wetu alikuwa anasomea juu ya jiwe, amekalia gunia, mwavuli mkono mmoja, simu mkono mwingine, na mimi nyuma yake nimeshika betri ya kuchajia kama nimeshika mtoto wa mtu.

Duara, kwa asiyejua, ndilo shimo la dhahabu. La kwetu lilichimbwa katikati ya mahindi ya mama mmoja mjane, wakati ule kila mtu Tarime alikuwa anaota dhahabu, hata walimu. Mimi nilikuwa fundi wa kompresa, ile mashine ya kupeleka hewa chini kwa wachimbaji. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na mashine ya kusaga ya mjomba: nikaifungua yeye akiwa kanisani, nikaifunga kabla hajarudi, ikasaga. Baada ya hapo ni video za kwenye simu, basi. Baba alishafariki, na mama yangu alikuwa amevuka mpaka kwenda kukaa kwa kaka zake upande wa Kenya. Akaniita, nikakataa. Nilikuwa nimepanga chumba pale senta, na ukweli ni kwamba nilikuwa naongea sana mchana kwa sababu nikifika pale chumbani hapakuwa na wa kuongea naye.

Injinia alitoka Njombe, huko kwenye baridi. Wenye duara walimleta kwa sababu tuliambiwa bila mhandisi mwenye leseni wa kusaini, hakuna kuchimba. Siku ya kwanza tu aliizima kompresa yangu. Akaizima! Mbele ya watu! Nikampandia. Nikamwambia wewe umekuja juzi, hujui hii mashine nimeilea vipi, hujui ilikuwa chuma chakavu. Nikasema mpaka mate yakaisha. Yeye kasimama tu, mikono mfukoni. Nilipomaliza akasema, "Moshi wake unaelekea kwenye mdomo wa duara. Wenzako wanauvuta kule chini. Tuigeuze." Halafu akachuchumaa. "Na hii vali umeitengenezaje? Sijawahi kuona mtu ameifunga hivi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimetengenezaje. Wote walikuwa wananiuliza itawaka lini. Tangu siku hiyo, mtu akimsema vibaya nikiwepo hatumalizi vizuri, mpaka leo.

Basi, ile habari ya jiwe. Mimi nilidhani mtu akishakuwa injinia amemaliza. Nilimuuliza siku ya kwanza tuliyopanda.

"Kwani shule hukumaliza, dada?"

"Hii haiishi, mdogo wangu. Ukiwa na leseni, kila mwaka unatakiwa uonyeshe umejifunza kitu kipya. Usipoonyesha wanakutoa kwenye orodha."

"Wakikutoa?"

"Wewe na mama mtaendelea kuniita Injinia. Ila sahihi yangu haitakuwa na kazi tena."

Nikaelewa hapohapo. Sahihi yake ikifa, duara limekufa, na yeye hana cha kumweka Nyamwaga. Kuanzia hapo nilihudhuria masomo yale kuliko yeye mwenyewe. Siku moja bwana mmoja alikuwa anafundisha mambo ya kuta za udongo, anaongea taratibu utadhani anawasomea watoto, anasema ukuta wa hivi ukiuchimba hivi hautakupa shida. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Huyu hajawahi kushika sururu maishani mwake!" Kumbe Injinia alikuwa ametoka kuuliza swali na sauti iko wazi. Bwana yule akauliza, "Nani amesema hivyo?" Injinia akanifinya paja mpaka nikaona nyota. "Samahani, mwalimu," akasema, "niko shambani, kuna mbuzi." Na kweli mbuzi akalia, Mungu ambariki yule mbuzi. Tulicheka mpaka tukakosa nusu ya somo.

Lakini masomo ya jiwe hayakutosha. Mengine yalikuwa semina za mjini, siku kadhaa za kukaa ukumbini, na kila zilipofika duara lilikuwa na shida: mvua, au pampu, au matimba yameoza, yaani zile nguzo za miti za kushikilia kuta. Mara zote alichagua kubaki. Mwaka ukawa unaelekea mwisho, amepungukiwa. Akawaandikia huko bodi ya wahandisi kwamba hajahudhuria semina, ila amefanya uchunguzi wake hapa kazini, na anaomba utambuliwe kama mafunzo. Wakamjibu kwamba watakuja wahandisi wawili kuangalia kwa macho. Wakiridhika, jina linabaki. Wasiporidhika, linatoka.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa huu. Ukutani, pale kwenye mdomo wa duara ambapo mtu anasimama kabla ya kushuka, kulikuwa na ufa. Injinia alikata vipande vya kioo cha dirisha akavibandika kwa saruji, kimoja kimoja, vikikatiza ule ufa. Udongo ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika, hakiwezi kunyumbuka. Akachimba mtaro wa kutoa maji, akabadilisha mpango wa matimba, halafu akawa anaangalia vioo vyake asubuhi na jioni. Masika yote yakapita na vioo vizima. "Umetulia," aliniambia, na alifurahi kama mtu aliyemlaza mtoto msumbufu. Hicho ndicho alitaka wageni wakione: vioo vizima juu ya ufa uliotulia.

Siku moja kabla ya wageni nilikwenda Sirari, mpakani na Kenya, kutafuta vali. Kule ukiuliza bei kwa Kiswahili chetu unajibiwa kwa chao, na kila kitu ni "sawa boss, hakuna stress", nikachelewa. Nilirudi jioni, nikasikia nyimbo kabla sijafika. Mama mwenye shamba na majirani zake walikuwa wamejifunga kanga viunoni, mikono imejaa udongo wa mfinyanzi na samadi. Wamefagia. Wamepanga viti. Na ule ukuta wa mdomo wa duara ulikuwa umepigwa udongo mpya, laini, umeng'aa kama tumbo la chungu. Ufa hauonekani. Vioo vyote viko kwenye karai, vimebanduliwa.

"Mura," mama akaniita, maana mimi kwake ni kijana wa nyumbani, "umeona panavyopendeza?"

Niambieni mlitaka nifanye nini. Kwetu wakwe wakija, nyumba inapigwa udongo upya. Nyufa zote zinazibwa, hata ule wa watoto kuchungulia. Hakuna mgeni wa heshima anayeonyeshwa ufa. Na mama wa umri ule humpandishii sauti, hata kama amebomoa mwaka wako mzima. Nikaipiga teke ndoo ya udongo, ikabingirika mpaka kwenye mahindi.

"Na ndoo imekukosea nini?" mama akauliza.

"Mama, vile vioo! Vile vioo ndivyo wageni wanakuja kuviona!"

"Vioo vyenye ncha vile? Mgeni akikatwa mkono je? Hawa watu wanakuja kumwangalia binti yangu kama anafaa. Nami niwaonyeshe nyufa? Sina akili?"

Injinia akatokea nyuma yangu, anatoka jiweni. Aliangalia ukuta. Aliangalia karai. Halafu akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Pamependeza sana. Asante." Mama akamshika mashavu kwa mikono yenye udongo.

Nilimkuta baadaye kwenye migomba, amekaa chini. Nikasema nitakwenda kuyabandua yale matope yote kwa jembe. Akasema, "Uso wa mama utauweka wapi?" Nikachuchumaa kando yake. "Nina picha," akasema. "Zitatosha au hazitatosha." Ikaanza kunyesha, tukaachana.

Wageni walifika mchana, wamechafuka vumbi lililogeuka tope. Mmoja mzee, suruali kaikunja mpaka magotini, mwingine kijana mwenye kofia ngumu mpya kabisa. Kazi tulikuwa tumeisimamisha, hakuna mtu chini. Mama ndiye aliwapokea. Yule kijana akamwamkia, mama akaitikia marahaba yake ndefu, halafu akawapeleka mwenyewe mpaka ukutani.

"Hapa kwa binti yangu hakuna nyufa, baba zangu. Angalieni wenyewe."

Mzee akatabasamu. "Hilo ndilo tatizo, mama. Tumekuja kuangalia nyufa."

Wote wakacheka, hata Injinia, ingawa kicheko chake kilikuwa cha midomo tu. Akawaeleza ukweli wa vioo. Akawaonyesha picha, moja baada ya nyingine, wiki kwa wiki. Akawaonyesha mtaro na matimba. Mzee alikuwa anauliza maswali magumu, mengine sikuyaelewa, na yeye anajibu bila kubabaika. Mimi nimesimama kando, nimeuma ulimi, kwa sababu aliniapisha nisitie neno. Mwishowe mzee akavua miwani. "Kwa nilichokiona, mimi sina shida. Tukale, tukimaliza tuandike."

Nilitaka kumbeba mgongoni! Wakaelekea kwenye viti, ambako mama alikuwa ameandaa kichuri, ile nyama yetu inayopikwa na uchungu wa tumboni mwa ng'ombe, na yule kijana alikuwa ameshaanza kuuliza kwa woga kwamba rangi ile ni ya mboga gani. Nikageuka kumpongeza Injinia. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameinama ukutani.

"Una kiberiti?"

Nilikuwa nacho. Nikasogea. Kwenye ule udongo mpya wa mama kulikuwa na mstari. Mwembamba kama unywele, unashuka.

"Udongo unakauka, dada," nikasema. "Ukikauka unapasuka."

"Ukikauka unapasuka huku na huku, kama tope la barabarani. Huu umeshika njia moja. Njia ileile."

Akachukua njiti, akaichonga ncha kwa kucha, akaibana katikati ya ule mstari, ikakaa imara, haitikisiki. Akaipapasa kuhakikisha. "Ufa ukipanuka, itaachia." Kisha tukaenda kula kama watu wengine. Sijui nilikula nini. Yule kijana alikuwa anatafuna kwa ujasiri, mama anamwongezea. Injinia anaitikia hadithi za mzee. Wakati wa kunawa mikono alinyanyuka, nikamfuata.

Njiti ilikuwa chini.

"Upepo," nikasema.

"Upepo gani?"

Majani ya migomba yalikuwa yamenyooka, hayatikisiki. Nikamshika mkono, na mimi si mtu wa kumshika mtu mkono. "Dada, nakuomba. Wamesharidhika. Acha waandike, waende zao. Kesho tutaongeza matimba. Mimi mwenyewe nitakata miti."

"Jumatatu nani anashuka?"

Nilikuwa namjua kila mmoja wao. Wa kwanza kushuka alikuwa rafiki yangu wa winchi, anayefunga mifuko ya mawe kule chini ivutwe juu, rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu huyo ni zaidi ya ndugu wa tumbo. Yeye aliniangalia kidogo, akaiokota njiti, akaenda nayo mpaka kwa mzee ambaye alikuwa ameshatoa kalamu.

"Mzee, kabla hujaandika. Nilichokwambia si sahihi. Nilisema ukuta umetulia. Haujatulia, unasogea sasa hivi, na sijui kwa nini."

Mzee alimwangalia sana. "Unajua uchunguzi wako wote umesimama juu ya hilo neno?"

"Najua. Mdogo wangu, lete kamba tuzungushie."

Nilileta kamba. Nikafunga fundo baya, akanirudisha nifunge tena. Mama alisimama na sinia lake, anauliza kila mtu, "Kwani nini? Nini?" na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni udongo wake ndio uliosema.

Duara likafungwa. Mzee na mwenzake waliondoka bila kuahidi kitu.

Kuanzia kesho yake ikawa vita. Wachimbaji walikuja kuangalia kamba na njiti, wakarudi wanatukana. Rafiki yangu wa winchi ndiye aliyewaongoza.

"Mura, dada yako ametuua."

"Amekuua wapi? Si unaongea hapa!"

"Njiti! Watu wazima tumefungiwa duara na njiti ya kiberiti!"

Nilimrukia. Watu wakatuachanisha. Wiki ile nilipigana kuliko miaka yote ya shule, na jina la Njiti likanishika mimi badala yake. Nikipita senta watoto wanaita. Nilizoea kwenda kibandani kunywa chai na wenzangu wa duara. Nikiingia wanahamia benchi lingine. Sikuwaomba radhi. Nilikunywa chai yangu yote, taratibu, mpaka ikapoa.

Injinia hakuwa na kazi tena pale. Nilimsindikiza mpaka Bomani, kwenye maduka yale karibu na ofisi za wilaya, kusubiri gari la Mwanza. Mama alikuwa amempa mkungu wa ndizi, akawa amekaa nao mapajani. Hakujua bado kama jina limebaki au limetoka.

"Na wewe nenda ukapimwe," akaniambia. "Kuna utaratibu wa watu waliojifunzia kazini. Unapimwa, unapewa cheti."

"Nani anipime? Mtu asiyenijua?"

"Mimi wamenipima wasionijua."

Ilikuwa mara ya kwanza ameshinda ubishi na nikakubali. Gari likaja. Mimi ninayeongea mchana kutwa, nilimwambia tu, "Safari njema, dada," basi.

Mwezi uliofuata habari zikaja kwamba dhahabu imeonekana upande wa Nyambureti, kule Serengeti. Senta ikakauka. Rafiki yangu wa winchi alikuja chumbani kwangu, begi mgongoni. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Twende. Kule hawana fundi wa kompresa."

"Sema kwanza kwamba alikuwa sahihi."

"Siwezi kusema. Duara halijaanguka."

"Sema tu, tuondoke."

"Mura, wewe ni rika langu. Usinifanyie hivi kwa ajili ya mtu wa Njombe."

"Kama halikuanguka na wewe humo ndani, si ndivyo alivyotaka?"

Akatikisa kichwa, akaenda. Nilimsikia mpaka viatu vyake vilipoacha kokoto akaingia kwenye njia ya vumbi. Ningeweza kumkimbilia. Ningemfikia kabla ya kanisa.

Na halikuanguka kweli. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Lingeanguka siku ileile, ningepita senta nimenyanyua kichwa. Lilikaa tu, limezungushiwa miiba, linajaa maji. Mvua zinakuja, zinaondoka, duara lipo. Mtu hawezi kuonyesha watu waliokufa ambao hawakufa.

Siku Injinia aliponipigia simu nilikuwa juu ya jiwe. Nilikuwa napanda bado, nakaa na mbuzi, nafuatilia masomo ya wahandisi ambayo hayanihusu. Jina limebaki, akasema. Uchunguzi wake umetambuliwa, tena mzee yule alimwambia hakuandika juu ya vioo hata mstari mmoja, aliandika juu ya njiti. Na atapandishwa daraja, kutakuwa na kiapo, kitaonyeshwa mtandaoni. Nilipiga kelele mbuzi wakakimbia.

Siku ya kiapo nilivaa shati la kanisani. Niliweka gunia, nikafungua mwavuli, betri mapajani. Ukumbi umejaa watu wenye suti, wamenyanyua mikono ya kulia. Nilimtafuta, nikampata safu ya nyuma. Nilisema naye maneno ya kiapo, kwa sauti, mimi peke yangu na mbuzi. Katikati picha ikaganda. Yeye amenyanyua mkono, mdomo wazi kidogo. Nilisubiri sana irudi. Betri ikaisha mkono ukiwa bado umenyanyuliwa.

Nilishuka kupitia duarani. Udongo wa mama umebanduka wote sasa, na ufa umekuwa mpana, kidole kinaingia. Kila nikipita nabana njiti mahali unapokuwa mwembamba, kule chini. Narudi baadaye kuangalia. Siku ile, na shati langu la kanisani, niliikuta nyingine imeanguka. Niliiokota. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha isipokuwa mama, aliyekuwa anapalilia mahindi karibu na miiba.

"Mama, njiti imeanguka."

Akanyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni, akaangalia ukuta alioupaka kwa mikono yake.

"Basi weka nyingine," akasema, akaendelea kupalilia.

Nikaweka nyingine.